Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: MRI ya ateri za shingo ifanywe ipasavyo, la sivyo isimamishwe

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mwenyekiti wa Bodi ya Ushauri,
na Mkuu wa Kitengo cha Manunuzi.

YAH: KIPIMO CHA MRI YA ATERI ZA SHINGO KWA DAWA YA GADOLINIAMU

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni somo tajwa hapo juu.

Tunaoandika ni wateknolojia wa mionzi, madaktari wa radiolojia na madaktari wa wodi ya kiharusi. Suala hili si geni mezani kwenu. Limeandikiwa madokezo, limesomwa kwenye vikao vya idara, limejibiwa kuwa "linafanyiwa kazi", na sasa hata jalada lake halijulikani liko ofisi gani. Tumefuata ngazi mpaka ngazi zikaisha. Tunaandika hadharani kwa heshima ileile, na hospitali hatuitaji jina, maana tunadhani wenzetu wa hospitali nyingine nao watajiona humu.

Tuanze na sababu ya kipimo chenyewe, yaani kupiga picha ateri za shingo kwa mashine ya sumaku (MRI) huku mgonjwa akichomwa dawa ya gadoliniamu inayong'arisha mishipa kwenye picha. Viharusi vingi tunavyovipokea vinatokana na presha: mishipa midogo ya ndani ya ubongo, au damu kuvuja. Lakini lipo kundi la wagonjwa ambao shida yao iko shingoni, pale ateri ya karotidi inapogawanyika mara mbili chini kidogo ya taya. Mafuta na chokaa hujengeka ukutani, njia ya damu inabanwa, vipande vinamomonyoka na kupanda kichwani. Mgonjwa wa namna hii huanza kwa kupooza mkono dakika chache kisha akapona, au kupoteza nuru ya jicho moja kwa muda mfupi. Hicho ndicho kiharusi cha mpito, na hapo saa ya hatari huwa imeshaanza kuhesabu.

Utafiti wa Amerika ya Kaskazini uitwao NASCET, uliochapishwa 1991, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye dalili na mbano wa asilimia 70 hadi 99, waliopewa dawa tu walipata kiharusi cha upande uleule kwa kiwango cha watu 26 kati ya 100 ndani ya miaka miwili. Waliofanyiwa upasuaji wa kusafisha ateri walikuwa 9. Kwa mbano wa asilimia 50 hadi 69 faida ipo ila ni ndogo, na chini ya 50 haipo. Uchambuzi wa mwaka 2004 uliounganisha tafiti kubwa za upasuaji huo ukaongeza jambo linalotuhusu zaidi: kwa mbano wa asilimia 50 kwenda juu, mgonjwa akipasuliwa ndani ya wiki mbili tangu dalili ya mwisho, upasuaji 5 unazuia kiharusi kimoja katika miaka mitano, wiki 12 zikishapita, unahitajika upasuaji 125 kuzuia kimoja. Kwa hiyo kinachotakiwa kutoka idara ya radiolojia ni vitu viwili tu: asilimia ya kuaminika, na kwa haraka. Kwa sasa hospitali haitoi hata kimoja. Sababu ni hizi.

1. Mashine ya kusukumia dawa haifanyi kazi

Hapa mtuvumilie, kwa sababu ndiko lilipo tatizo lenyewe.

Kipimo hiki ni hesabu ya sekunde. Dawa ikiingizwa kwenye vena ya kiwiko hupita moyoni na kwenye mapafu, ikafika shingoni baada ya sekunde 10 hadi 20 hivi kwa mtu mwenye moyo wenye nguvu. Kwa mwenye moyo dhaifu huweza kuchukua zaidi. Ikishajaa kwenye ateri, hazipiti hata sekunde 10 kabla haijaanza kurudi kupitia vena kubwa za shingo. Picha lazima inaswe katika mwanya huo, ateri zimejaa na vena bado tupu.

MRI haipigi picha kwa mbofyo mmoja. Kwa mpangilio tunaotumia, sekunde chache za mwanzo ndizo zinazoamua mng'ao wa mishipa, na zinazobaki huongeza kingo na undani. Ukianza mapema, dawa haijajaa: katikati ya ateri panakuwa peusi, kingo zinang'aa, na msomaji asiye makini anaweza kuandika kuwa ukuta wa ateri umechanika. Ukichelewa, vena inang'aa juu ya karotidi palepale inapogawanyika, na huwezi kupima kitu.

Utaratibu sahihi unajulikana. Mgonjwa wa kilo 70 anapewa milimoli 0.1 kwa kila kilo. Kwa dawa yenye milimoli 0.5 katika mililita moja, hiyo ni mililita 14. Inasukumwa kwa mililita 2 kila sekunde, kwa hiyo inaisha kwa sekunde 7, na bila kusita inafuatwa na mililita 20 hadi 30 za salaini kwa kasi ileile ili dawa isikwame kwenye mrija na kwenye vena za mkono. Kanula iwe ya pinki, yaani 20G, na iwekwe mkono wa kulia kila inapowezekana. Ukiweka mkono wa kushoto, vena inayobeba dawa nzito hukatiza mbele ya vichwa vya ateri zinazotoka kwenye upinde wa aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni. Gadoliniamu ikiwa nzito kupita kiasi huua mawimbi badala ya kuyaongeza, na ateri nzima huonekana imebanwa kwenye shina lake.

Sasa tazameni, mashine ikiwa mbovu, inavyofanyika kwa mkono. Mteknolojia anasimama kando ya mgonjwa na bomba la mililita 20 lililounganishwa kwenye koki ya njia tatu. Anasukuma. Dawa ikiisha anageuza koki kuelekea bomba la salaini, anahamisha mkono, anasukuma tena. Kule kugeuza tu ni sekunde moja au mbili, na katika sekunde hizo dawa imesimama njiani, mkondo umekatika vipande viwili. Kanula ikiwa ya bluu, ya 22G, kwa sababu za pinki zimeisha stoo, kidole gumba kinagoma na mililita 14 zinachukua mara mbili ya muda wake. Kilichotakiwa kufika shingoni kwa mkupuo mmoja kinafika kimechujuka. Na mwenzake aliye nyuma ya kioo anaanzisha picha kwa kuangalia mkono wa mwenzie ulipoinuka. Kila mgonjwa anapata kasi yake, kutegemea nani yuko zamu.

Kipimo kikiharibika, mgonjwa harudiwi palepale kirahisi. Dawa ya kwanza bado inazunguka, vena zimeshang'aa, na dozi ya pili inaongeza mzigo kwenye figo. Anapangiwa siku nyingine. Siku nyingine hiyo ni sehemu ya zile wiki mbili.

Wazo la kuazima mashine ya kusukumia ya CT-Scan lisirudi tena kikaoni. Ile haikutengenezwa kwa chumba cha sumaku. Sumaku ya tesla 1.5 haizimwi usiku wala sikukuu, na chuma cha uzito ule kikivuka mlango kitavutwa kuelekea tundu la mashine, mgonjwa akiwa ndani.

2. Dawa inagawanywa, inanunuliwa nje, na aina yake haijulikani hadi ifike

Chupa moja ya mililita 15 inagawiwa wagonjwa wawili ili "kubana matumizi". Mtu wa kilo 70 anaondoka na nusu dozi. Mng'ao ukipungua, njia nyembamba ya damu hupotea kwenye picha na mbano wa asilimia 70 husomeka kama ateri iliyoziba kabisa. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa ateri iliyoziba kabisa kwa kawaida haipasuliwi. Halafu chupa hizi ni za mtu mmoja: hazina kihifadhi cha kuzuia vijidudu baada ya kifuniko kutobolewa.

Ndugu wanapotumwa famasi ya nje, yanaletwa mambo matatu. Wengine wanarudi na dawa ya ayodini ya CT-Scan, kwa sababu cheti kiliandikwa "kontrasti" tu. Wengine wanaleta gadobutroli, ambayo ina milimoli 1.0 kwa mililita, maradufu ya nyingine. Kwa hiyo mgonjwa yuleyule wa kilo 70 anahitaji mililita 7, na aliyezoea kuvuta 14 akivuta 14 amempa dozi mbili. Na wengine wanaleta zile za zamani zenye molekuli nyoofu, kama gadodiamidi.

Hili la mwisho lina historia. Mwaka 2006 ndipo ilipoanza kubainika kwamba wagonjwa wenye figo zilizochoka sana waliopewa baadhi ya dawa hizi walipata ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa, usio na tiba ya uhakika. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilisimamisha matumizi ya kadhaa kati ya hizo za molekuli nyoofu kwa njia ya mshipa. Zilizofungwa kama pete zinaishika gadoliniamu kwa nguvu zaidi: gadoterati, gadobutroli, gadoteridoli. Hospitali ichague moja, isajiliwe kwenye orodha yake ya dawa, na kila mteknolojia ajue mililita zake kwa kila kilo. Kubadilisha aina kila zabuni ni kuomba ajali.

3. Koili ya shingo na ukubwa wa nukta za picha

Koili ni kifaa anachovishwa mgonjwa ili kipokee mawimbi ya picha. Ya kichwa peke yake haifiki chini vya kutosha. Karotidi hugawanyika kwenye usawa wa pingili ya tatu au ya nne ya shingo, na daktari anahitaji kuona kuanzia upinde wa aota hadi ateri za chini ya ubongo, kwa sababu mbano wa pili unaweza kuwa juu au chini ya ule wa kwanza. Koili yetu ya kichwa na shingo ina sehemu iliyokufa, na upande huo picha inafifia. Upande uliofifia ukiangukia kwenye karotidi, ateri nzima inaonekana dhaifu. Kabla ya koili kuundwa upya, angalau ipimwe kila wiki kwa chupa ya maji ya majaribio, kila kipokezi peke yake, matokeo yaandikwe kwenye daftari la mashine.

Kuhusu nukta, hesabu ni nyepesi. Ateri ya ndani ya karotidi, juu ya ugonjwa, ina upana wa kama milimita 5. Mbano wa asilimia 50 unaacha njia ya milimita 2.5. Mbano wa asilimia 70 unaacha milimita 1.5. Uamuzi wa kumpeleka mtu kisuni unategemea milimita moja! Ukipiga picha kwa nukta za milimita 1.5 ili kuokoa muda, njia yote ya damu inaingia kwenye nukta moja. Nukta ziwe chini ya milimita moja pande zote tatu, 0.7 hadi 0.9. Na tunaomba kiandikwe kipimo halisi kilichopigwa, maana mashine huzigawa nukta kwa hesabu na kuonyesha kwenye skrini namba nzuri kuliko ile iliyokusanywa.

4. Ripoti zinazosema "mbano wa wastani"

Hapa lawama ni yetu sote wa idara, ila dawa yake iko mikononi mwenu: fomu moja ya ripoti, ya lazima.

Asilimia bila kutaja njia ya kupima haina maana. NASCET hupima sehemu nyembamba zaidi kisha huilinganisha na ateri nzima iliyo juu yake, pale kuta zinapokuwa sambamba tena. Utafiti wa Ulaya, ECST, ulilinganisha na upana unaokadiriwa kuwa wa awali palepale kwenye uvimbe wa ateri, yaani sehemu inayotanuka kiasili pale inapogawanyika. Chukueni uvimbe wa milimita 8, ateri ya juu milimita 5, na njia iliyobaki milimita 2.5. Kwa NASCET ni asilimia 50. Kwa ECST, ateri hiyohiyo, ni asilimia 69. Daktari wa upasuaji akiletewa "asilimia 69" bila maelezo, ataelewa nini?

Ipo pia hali ya ateri iliyo karibu kuziba kabisa, ambapo sehemu ya juu nayo imenywea kwa kukosa damu. Hapo hesabu ya NASCET hudanganya, kwa sababu kigawanyio chenyewe kimepungua. Ripoti iandike hivyo kwa maneno, isitoe asilimia, maana katika kundi hilo faida ya upasuaji haikuonekana wazi. Na upimaji usifanywe kwenye ile picha ya kukusanya mng'ao wote kwa pamoja, inayozungushwa kwenye skrini na kumpendeza kila mtu. Hiyo huficha njia nyembamba na kuukuza mbano. Upimaji ufanywe kwenye vipande vya asili, yaani picha za kila tabaka kama mashine ilivyozikusanya, vikatwe kwa pembe inayoifuata ateri.

5. Foleni, na sharti la kriatinini kwa kila mtu

Mgonjwa wa kiharusi cha mpito anapangwa foleni moja na mwenye maumivu ya mgongo ya miaka miwili. Akifika zamu yake anaambiwa hana majibu ya kriatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, arudi. Tukishatumia dawa za pete, sharti hilo kwa kila mtu halina tija. Muulizwe: una ugonjwa wa figo, umewahi kusafishwa damu, figo moja imetolewa, umeugua ghafla ukakosa mkojo? Akijibu hapana kwa yote, apande kitandani. Akijibu ndiyo, damu ipimwe siku hiyohiyo. Ambaye figo zake zinachuja chini ya mililita 30 kwa dakika ajadiliwe na daktari bingwa kabla ya kupewa chochote. Kadi ya maswali ya usalama, yaani betri ya moyo, klipu za kichwani, vipande vya chuma machoni, mimba, ijazwe wodini jana yake, si mlangoni.

6. Picha zinazosafiri na mgonjwa

Anayepewa rufaa kwenda kwa bingwa wa mishipa anaondoka na filamu moja yenye picha tatu zilizochaguliwa. Bingwa hawezi kupima chochote humo, anaagiza kipimo upya. Diski yenye vipande vyote vya asili haigharimu kitu cha kuzungumzia.

Waheshimiwa, majibu mtakayotupa tunayajua, kwa sababu mengine mmeshatupa.

Mtasema ultrasaundi inatosha. Ultrasaundi ni kipimo cha kwanza na kiendelee kuwa hivyo: ni rahisi, haina dawa, na kasi ya damu ya sentimita 125 kwa sekunde inaashiria mbano wa asilimia 50 kwenda juu, 230 inaashiria 70. Lakini haioni upinde wa aota wala ndani ya fuvu, chokaa huitia kivuli, na ateri ya upande mmoja ikiziba, kasi ya upande wa pili hupanda yenyewe bila mbano kuongezeka. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2006 ulikuta kwamba, kwa mbano wa asilimia 70 hadi 99, MRI yenye dawa ilitambua wagonjwa 94 kati ya 100, ultrasaundi 89. Kabla ya kisu tunataka vipimo viwili visivyo vya kutoboa ateri vikubaliane. Visipokubaliana, cha tatu.

Mtasema basi tufanye MRI bila dawa. Ipo, na tunaomba ibaki ndani ya utaratibu kama akiba, ikifanywa kabla ya dawa na si baada, kwa kuwa baada ya dawa vena nazo hung'aa. Ila hutegemea mwendo wa damu wenyewe: penye mzunguko au mwendo wa polepole mng'ao hupotea, mbano wa kati unasomeka kuwa mkubwa, na njia nyembamba kama uzi inasomeka imeziba. Inachukua dakika kadhaa, na mgonjwa akimeza mate mara mbili tatu picha imeharibika.

Mtasema wagonjwa wa aina hii ni wachache. Ni kweli. Ndiyo maana gharama nayo ni ndogo: vifaa vya matumizi ya mara moja vya mashine ya kusukumia huhesabiwa kwa kichwa, na wagonjwa wachache ni seti chache.

Mtasema hapa hatuna bingwa wa kupasua karotidi. Anayepaswa kusafiri ndiye anayehitaji kuwahi kujulikana zaidi. Na ambaye hatapasuliwa bado anahitaji jibu sahihi, kwa sababu ndilo linaloamua ukali wa aspirini, statini (dawa ya kushusha mafuta kwenye damu) na udhibiti wa presha anaoanzishiwa.

Kuhusu fedha hatutabishana, ila kabla ya kununua mashine mpya wahandisi wa vifaa tiba wapewe nafasi ya kuifungua iliyopo. Nyingi za aina hii hutegemea betri, na betri huchoka kabla ya kitu kingine chochote. Haijafunguliwa hadi leo kwa sababu kibali hakijasainiwa.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza, kuanzia sasa MRI ya ateri za shingo kwa dawa isimamishwe hadi mashine ya kusukumia ifanye kazi. Tunajua ombi hili linashangaza likitoka kwetu. Lakini picha mbovu ni mbaya kuliko kukosa picha, kwa sababu ina muhuri wa hospitali na kuna mtu ataiamini. Katika kipindi hicho wagonjwa wapelekwe CT-Scan ya ateri pamoja na ultrasaundi. CT ni ya haraka na inatosha kwa wengi, japo chokaa nzito huonekana kubwa kuliko ilivyo. Wenye mzio mkali wa ayodini wafanyiwe MRI bila dawa pamoja na ultrasaundi, na ripoti itaje mapungufu hayo.

Pili, kibali cha kufungua mashine kitoke ndani ya siku 14. Ikishindikana kutengenezwa, mashine mpya ya kusukumia, matengenezo ya koili na kanula za 20G ziingizwe kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai 1, zikiwa na mstari wake, zisijumuishwe kwenye "vifaa vinginevyo".

Tatu, dawa moja ya pete, chupa moja kwa mgonjwa mmoja, itolewe na famasi ya ndani. Ugawaji wa chupa ukomeshwe kwa waraka.

Nne, nafasi mbili kila siku ya kazi ziachwe wazi kwa wagonjwa wa kiharusi cha mpito na kiharusi kidogo. Kipimo kifanyike ndani ya saa 48 tangu ombi kufika, majibu yatoke siku hiyohiyo. Nafasi isipojazwa hadi saa sita mchana, apewe mwingine. Katika kikao hichohicho ubongo upigwe picha za kuonyesha kiharusi kipya, na kwa walio vijana vipigwe vipande vya shingo vilivyofutiwa mng'ao wa mafuta, kabla ya dawa, ili kutafuta damu ndani ya ukuta wa ateri. Yote yanaingia kwenye nusu saa.

Tano, fomu ya ripoti yenye visanduku hivi: upana wa njia nyembamba kwa milimita, upana wa ateri ya juu, asilimia kwa NASCET, karibu kuziba au hapana, mbano mwingine njiani, vena zimeng'aa au hapana, ubora wa picha. Ikiachwa wazi, isisainiwe. Diski itoke pamoja na ripoti.

Sisi kwa upande wetu rasimu ya utaratibu wa kupiga picha tumeshaiandika, pamoja na jedwali la dozi kwa uzito kuanzia kilo 40 hadi 120, na maelekezo anayosomewa mgonjwa: asimeze, asigeuze shingo, avute pumzi na kuishikilia anapoambiwa. Nakala ziko ofisi ya mkuu wa idara. Tuko tayari kuwafundisha wenzetu wa zamu zote ndani ya saa za kazi, bila posho.

Tunaomba jibu la maandishi lenye tarehe za utekelezaji, si la kupokea barua, ndani ya siku 14.

Wenu katika utumishi wa umma,

Wateknolojia wa mionzi, madaktari wa radiolojia na madaktari wa wodi ya kiharusi.

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Idara ya Radiolojia, Mkuu wa Kitengo cha Wahandisi wa Vifaa Tiba, Mfamasia wa Hospitali.